Embolia: Neno la Kizibo na Safari Yake

Desemba ikikaribia wengi wetu hapa Sydney huanza kupima masanduku na kuulizana nani kapata tiketi ya bei nafuu. Ndege ya moja kwa moja kutoka hapa hadi Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Bujumbura hakuna. Tunapitia Dubai, Doha au Johannesburg, na kipande cha kwanza peke yake ni kama saa 14 za kukaa kitini. Ndiyo maana wazee wetu, akina mama wajawazito na waliotoka kufanyiwa upasuaji wakienda kuaga kwa daktari, mara nyingi hurudi na neno wasilolijua: embolia. Wakiuliza nyumbani maana yake, huambiwa, "Ni damu kuziba." Basi, mazungumzo yanaishia hapo.

Jibu hilo si uongo, ila limekatwa mkia. Katika makala haya tunataka kulifuata neno embolia tangu lilikozaliwa, tuone lilikuwa na maana gani kabla ya kuingia hospitalini, na kwa nini madaktari waliacha neno la kawaida la kuziba wakalichagua hili. Hatufanyi hivyo kwa kupenda misamiati tu. Tunaamini kwamba ile sehemu inayokatwa tunaposema "kuziba" ndiyo inayoweza kuokoa maisha ya mtu.

Kuziba kwetu

Kiswahili hakina njaa ya maneno katika jambo hili. Tuna kuziba na kuzibua, kizibo cha chupa na kizibuo cha kukitoa. Tunaziba masikio tusisikie, tunaziba pengo la aliyeondoka, na wahenga wametuachia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tazama hapo: mara nyingi kuziba kwetu ni tendo jema la mtu mwangalifu. Hata inapokuwa ni adha, kama bomba la jikoni au pua wakati wa mafua, ni adha ya mahali pamoja. Penye kizibo ndipo penye tatizo. Ukizibua pale, mambo yamekwisha.

Neno mshipa nalo lina mzigo wake. Kwa Kiswahili cha kila siku mshipa ni njia ya damu, iwe ya kutoka moyoni au ya kurudi. Lakini mshipa pia ni kano, ni neva, na katika pwani yetu mtu akisema fulani "ana mshipa" wasikilizaji huelewa ngiri. Vitabu vya shule vimeleta ateri na vena ili kutenganisha, lakini ni wangapi kati yetu wanaoyatumia sebuleni? Kwa hiyo mama akiambiwa "mshipa umeziba", anaweza kufikiria mambo manne tofauti, na yote manne yasiwe yale aliyokusudia daktari.

Wataalamu wa kale nao walianzia hapo hapo. Galen, tabibu mkubwa wa Kiyunani, alitumia neno emphraxis, yaani kuziba. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun kilichosomwa karne nyingi Mashariki na Ulaya, aliandika juu ya sudda, nayo ni kuziba kwa Kiarabu. Wote walieleza njia iliyofungwa. Hakuna aliyeuliza kizibo kimetoka wapi, na wasingeweza kuuliza, kwa sababu kwao damu haikuwa na mzunguko. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Mwaka 1628 William Harvey akaonyesha mzunguko wote wa mwili mzima. Tangu hapo iliwezekana kufikiri kwamba kitu kilichoanza mguuni kinaweza kuishia kifuani.

Omo la meli na mwezi wa kupachikwa

Sasa turudi kwa embolia yenyewe. Asili yake ni Kiyunani: en, yaani ndani, na ballein, yaani kutupa. Ukiliweka kwa Kiswahili chepesi ni kutumbukiza, kuchomeka, kupachika. Kutokana na kitenzi hicho Wayunani walipata embolos na embolon, majina ya kitu chochote kinachoingizwa mahali: kabari, kigingi, kizibo. Mabaharia wao waliliita hivyo pia lile pembe la shaba lililofungwa kwenye omo la meli ya vita, ambalo kazi yake ilikuwa kuitoboa meli ya adui ubavuni. Pembe moja la namna hiyo liliopolewa mwaka 1980 kwenye maji ya Athlit, pwani ya Israeli. Lina uzito wa kilo 465. Sisi watu wa majahazi hatuna haja ya kuelezwa zaidi: hicho ni kitu kinachokuja kwa kasi kutoka mbali.

Neno hilo lilikuwa na kazi nyingine, ya amani zaidi, nayo ni kalenda. Miezi kumi na miwili ya kuandama haitimizi mwaka wa jua; hubaki pungufu ya siku kama kumi na moja. Wayunani na Wayahudi waliziba pengo hilo kwa kupachika mwezi wa kumi na tatu kila baada ya muda, na kalenda ya Kiyahudi hadi leo hupachika miezi saba katika kila miaka 19. Mwezi huo wa kupachikwa uliitwa kwa jina la ukoo huu huu wa embolia. Kalenda ya Kiislamu haina mwezi kama huo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Hapa Sydney mtu anaweza kuifunga katika siku fupi za baridi ya Juni, na kizazi kingine wakaifunga katika siku ndefu za Desemba. Na mwaka wa kale wa Waswahili, ule wa Nairuzi unaosherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, ulihesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha zikapachikwa siku tano kutimiza 365. Bibi zetu hawakulijua neno la Kiyunani, lakini tendo lenyewe walikuwa nalo.

Wakatoliki miongoni mwetu nao hulisikia jambo hili kila Jumapili bila kujua jina lake. Katika Misa, baada ya Baba Yetu, kuna sala fupi ambayo padre huipachika kabla waumini hawajaitikia. Wataalamu wa liturujia huiita kwa jina hili hili.

Kwa hiyo kwa karne nyingi embolia halikuwa neno la ugonjwa hata kidogo. Lilikuwa jina la kitu kilichotoka nje kikaingizwa mahali ambapo hakikuzaliwa.

Kijana wa Berlin

Aliyelihamishia hospitalini alikuwa Mjerumani Rudolf Virchow, aliyezaliwa mwaka 1821 na kufariki 1902. Katikati ya miaka ya 1840 alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu katika hospitali ya Charité mjini Berlin, kazi yake kupasua maiti na kutafuta sababu ya kifo. Mara kwa mara alikuta mabonge ya damu katika mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni. Bingwa wa zama hizo, Jean Cruveilhier wa Paris, alifundisha kwamba mabonge kama hayo huzaliwa pale pale kwa sababu mshipa umevimba. Virchow hakuridhika. Alitazama miguu ya maiti hao hao, akakuta huko nako damu imeganda, na akaona kwamba bonge la pafuni lilikuwa kama kipande kilichokatika kutoka kwenye lile la mguuni. Ili kuhakikisha, alitia vipande vya mpira katika mishipa ya shingo ya mbwa. Alipowapasua, alivikuta mapafuni.

Mwaka 1846 alichapisha matokeo yake, na neno alilotumia kwanza ni Verstopfung, neno la kawaida la Kijerumani la kuziba, ambalo pia ndilo Wajerumani hutumia kwa mtu aliyefunga choo. Yaani alianza pale pale tulipo sisi leo. Lakini neno hilo halikubeba ugunduzi wake. Kuziba kulijulikana tangu Galen; jipya lilikuwa safari. Mwaka 1848 akalichukua embolia, na katika mkusanyo wake wa mwaka 1856 akaeleza kwa kirefu mambo mawili yanayofuatana. La kwanza ni thrombosi, kutoka thrombos ya Kiyunani, ambayo ni donge, liwe la damu au la maziwa yaliyoganda. Hapo mpenzi wa maziwa mgando hahitaji mkalimani. La pili ni embolia, pale donge hilo linapokatika, likabebwa na damu, na kuchomeka mbali na lilikozaliwa. Kuganda ni jambo moja, kusafiri ni jambo jingine, na kuziba ndiyo mwisho wa safari.

Njia yenyewe ni rahisi kuifuata. Damu ya miguuni hupanda kwa nguvu ya misuli ya shavu la mguu, ambayo kila ukipiga hatua huikamua mishipa na kuisukuma damu juu. Ukikaa bila kujinyoosha, damu hutuama, na damu inayotuama ni rahisi kuganda. Donge likikatika hupita mishipa inayozidi kupanuka, likaingia moyoni upande wa kulia, likasukumwa mapafuni. Huko ndiko njia zinaanza kuwa nyembamba, na huko ndiko linakwama. Mtu anashika kifua, lakini ugonjwa ulianza mguuni.

Viti vya London, viti vya ndege

Karne moja baadaye neno hilo lilipata habari mpya kutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1940 London ilipokuwa ikipigwa mabomu usiku baada ya usiku, watu walilala kwenye mahandaki, wengi wakiwa wamekaa kwenye viti vya kukunja ambavyo ubao wake wa mbele ulibana mapaja. Daktari Keith Simpson aliona kwamba vifo vya embolia ya mapafu vimeongezeka ghafla miongoni mwa waliojificha hivyo, na akaandika katika jarida la Lancet. Hawakuuawa na bomu, waliuawa na kiti. Mwaka 1954 John Homans wa Marekani akaandika juu ya damu kuganda kwa watu waliokaa muda mrefu, wakiwemo wasafiri wa gari na ndege.

Hapa Sydney inaingia. Mwaka 1938 ndege za majini ziliondoka Rose Bay kwenda Uingereza, na safari ilichukua zaidi ya wiki. Usiku abiria walishuka wakalala hotelini. Desemba 1947 ndege mpya zilipoanza njia hiyo ya Sydney hadi London, safari ilikuwa ya siku nne, na bado watu walishuka njiani wakatembea. Leo ni chini ya siku moja. Safari imekuwa fupi, lakini kukaa kumekuwa kurefu, na mguu hauhesabu kilomita.

Mwaka 2000, msimu wa Michezo ya Olimpiki ya hapa, binti wa miaka 28 kutoka Wales aliyekuwa anarudi kwao kutoka Australia alianguka mara ndege ilipotua London, akafariki. Habari hiyo ilitikisa dunia, na magazeti yakaupa ugonjwa jina la tiketi za bei ya chini, jina ambalo madaktari walikuwa wamelitumia katika Lancet tangu 1988. Jina hilo nalo lilipotosha, kwani aliyekaa bila kusogea katika viti vya mbele hana kinga, wala aliyekaa katika basi au gari moshi. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari karibu mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mmoja katika 6,000. Lakini hupanda kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, walionenepa sana, walio warefu mno au wafupi mno, na wenye historia ya ugonjwa huu katika ukoo. Ujauzito na upasuaji wa karibuni navyo huongeza hatari ya damu kuganda.

Ajali ni nini?

Neno lilifika hata mahakamani. Msafiri mmoja aliyekwenda London kutoka Sydney na kurudi, Februari 2000, alipata damu kuganda mguuni akalishtaki shirika la ndege kwamba halikumwonya. Sheria iliyotawala ilikuwa Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, unaompa abiria fidia akiumia kwa "ajali". Mahakama Kuu ya Australia, ambayo hapa ndiyo ya mwisho na haina ya rufaa juu yake, iliamua Juni 2005 kwamba hapakuwa na ajali. Ndege iliruka kama kawaida, ikatua kama kawaida, na kutoonywa si tukio. Desemba mwaka huo huo Mabwana wa Sheria wa Uingereza wakafuata njia hiyo hiyo katika kesi za kwao.

Sisi tukilisoma hukumu hiyo kwa Kiswahili tunajikuta penye jambo jingine. Ajali yetu imetoka katika Kiarabu ajal, muda aliowekewa mtu, siku yake ya kuondoka. Na tunasema ajali haina kinga. Mtu wa makamo akirudi kutoka safari, baada ya siku tano akaanguka na kufariki, msibani tutasema siku zake zilifika, na wengine watasema ametupiwa kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Tanzania ulionyesha jinsi watu wengi Dar es Salaam walivyohusisha kiharusi na mashetani na uchawi, na viharusi vingi navyo ni mshipa wa damu ulioziba ubongoni, baadhi yao kwa donge lililosafiri kutoka moyoni. Hatuwacheki waliosema hivyo. Walihisi kwamba kitu kimetoka nje kikamwingia mtu ghafla, na hilo ndilo neno embolia linasema. Walichokosa ni kujua kwamba njia yake inafuatika, na kwa hiyo inazuilika. Imani ya muda uliowekwa ni ya kila mtu na Mola wake. Lakini kwa ugonjwa huu, kinga ipo.

Tusemeje?

Wengi wetu tumewahi kuombwa kutafsiri kwa ajili ya jirani, na mara nyingi zaidi anayetafsiri ni mtoto wa shule kwa sababu Kiingereza chake ni chepesi. Mtoto atasema "kifua kimeziba", na bibi atajibu kuhusu kikohozi. Hatataja kwamba mguu wake wa kushoto umevimba tangu aliposhuka ndege, kwani hakuna aliyemuuliza habari ya mguu.

Matatizo hayaishi hapo. Daktari akileta dawa, tunasikia zikiitwa "za kupunguza damu". Mama aliyewahi kuambiwa ana upungufu wa damu atazificha chini ya godoro, na ana haki. Dawa hizo hazipunguzi damu. Huzuia isigande ovyo. Mwaka 1960 madaktari wa Bristol, Barritt na Jordan, walichapisha jaribio kwa wagonjwa 35 wa embolia ya mapafu. Kati ya 19 ambao hawakupewa dawa hizo, watano walikufa kwa embolia. Kati ya 16 waliopewa, hakuna. Hiyo ndiyo tofauti ya neno moja lililotafsiriwa vibaya.

Kwa hiyo hatupendekezi kuibuni embolia upya wala kuilazimisha midomoni mwa wazee. Tunapendekeza sentensi nzima badala ya neno moja: damu imeganda mguuni, donge limekatika, limesafiri hadi pafuni, limeziba. Mambo manne, yote kwa Kiswahili cha nyumbani, na bibi atakayesikia neno mguuni atauonyesha mguu wake. Dawa tuziite za kuzuia damu isigande. Na kwa mazungumzo ya hospitali tumwachie mtoto masomo yake: huduma ya taifa ya wakalimani hupatikana kwa simu 131 450, mkalimani wa Kiswahili anaweza kuombwa, na katika hospitali za serikali hapa New South Wales mgonjwa halipii ukalimani.

Kwa wanaosafiri: nyanyukeni kila baada ya muda, zungusheni vifundo vya miguu mkiwa mmekaa, kunyweni maji, na kabla ya kuondoka mwulizeni daktari kama mna sababu ya kuvaa soksi za kubana au kutumia dawa. Mkifika, msisahau mguu kwa furaha ya kuonana. Mguu mmoja ukivimba, ukauma au ukapata joto, hata wiki kadhaa baada ya safari, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma mtu akivuta hewa, akikohoa damu au kuzirai, hapa Australia piga 000, na useme mapema kabisa kwamba mgonjwa alisafiri.

Safari njema, na mtusalimie nyumbani.